Kijito Kilikauka, Eliya Akiwa Bado Pale

Somo: 1 Wafalme 17:1-16

Karatasi hii ni kwa ajili ya wale ambao hawakuwa ibadani Jumapili, na pia kwa wale waliokuwepo lakini walikaa kule nyuma mlangoni, ambako spika haifiki na watoto ndio wanaohubiri. Kabla hujaendelea, fungua Biblia usome mstari wa 2 hadi wa 7. Soma polepole, ni mistari michache.

Eliya anatokea ghafla mbele ya mfalme Ahabu. Anamwambia hakutakuwa na umande wala mvua ila kwa neno lake. Tungetarajia baada ya hapo afanye mkutano mkubwa wa injili, lakini Mungu anamwambia aende mashariki akajifiche kando ya kijito cha Kerithi. Huko atakunywa maji ya kijito, na kunguru wataleta mkate na nyama asubuhi na jioni. Jamani, hiyo ni kambi! Mtu anaishi kando ya maji peke yake, hana jirani wala soko, anakula kinacholetwa.

Sisi Wapentekoste tunaipenda sura ya 18. Tunapenda Karmeli, moto umeshuka, manabii wa Baali wamenyamazishwa, watu wameanguka kifudifudi. Kerithi hatuhubiri sana kwa sababu hakuna kinachotendeka pale. Hebu angalia: tangu Eliya amalize kuongea na Ahabu hadi anapomwomba mama mjane maji kule Sarepta, Biblia haijaandika hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Nabii yuko kimya. Na wanaomhudumia ni kunguru, ndege ambao Walawi 11:15 inawahesabu kuwa najisi. Mtu wa Mungu alilazimika kujifunza kupokea mkate bila kuchagua mkono unaouleta, na bado nasema kuna watu kwetu hapa ambao wangelala njaa kuliko kupokea unga kutoka kwa jirani wa dhehebu lingine.

Sababu ya kulileta neno hili sasa ni kambi ya vijana ya mwezi wa Agosti. Wengi mmeniuliza watoto wenu walifundishwa nini kule juu, maana wamerudi wakiongea habari za kijito kila saa. Tulitoka Mahoo alfajiri, tukapita katikati ya mbuga hadi Maktau. Pale niliwaonyesha makaburi ya wanajeshi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1915 jeshi la Waingereza lilipiga kambi katika nyika ile kavu, na maji yao yalitoka milima ya Bura. Jeshi zima, na mizinga yao yote, lilikuwa linategemea kijito cha mlimani. Kisha tukapita Mwatate, tukapanda Wundanyi, na kutoka hapo hadi pembeni mwa msitu wa Ngangao, ambako askari wa misitu walituonyesha mahali pa kuweka mahema, kati ya misonobari, karibu na maji.

Kwa mtu wa Taveta, aliyezoea joto na migomba, pale ni nchi nyingine. Kwetu tuko kama mita 750 juu ya bahari. Kule ni zaidi ya mita 1,700, na baridi ya Agosti inaingia hadi kwenye mifupa. Kijito chenyewe si kikubwa, mtu mzima anakivuka kwa hatua mbili. Chini ya misonobari ardhi imefunikwa na majani makavu kama sindano, laini kama mkeka, hata ukitembea hujisikii. Hakuna nyasi, hakuna vichaka. Usiku wa kwanza vijana walishindwa kulala. Mmoja akaniambia, "Pasta, kimya hiki kinapiga kelele." Alizoea bodaboda na muziki wa dukani.

Asubuhi tulitembea kidogo tukaingia msitu wa asili, na hapo nikawaambia wasimame wasikilize. Misonobari si miti ya kwetu. Ililetwa kutoka nje ikapandwa kwa ajili ya mbao, na chini yake kumenyamaza kwa sababu hakuna wengi wanaoishi pale. Msitu wa asili pia umetulia, lakini ukikaa kidogo unasikia matone, wadudu, na ndege, wengine wao wasiopatikana popote duniani isipokuwa Milima ya Taita. Kuna Mkristo ambaye amenyamaza kwa sababu ndani mwake hakuna kitu tena. Mwingine amenyamaza kwa sababu anasikiliza. Kwa nje wanafanana, na kwa muda mrefu hata mchungaji hawezi kuwatofautisha.

Niliwaonyesha pia maji yanatoka wapi. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unavuka nyika, unagonga milima ile, ambayo kilele chake cha Vuria kina mita 2,208. Ukungu unashikwa na majani ya miti, unadondoka tone kwa tone, unaingia ardhini, unatokea chini kama kijito. Mto Voi unaanzia katika milima hiyo. Kwa hiyo hata siku ambayo hakuna mvua, mti unaleta maji, nawe huoni kazi hiyo ikifanyika.

Sasa jioni ya pili, tukiwa tumezunguka sufuria ya pure (bila moto mkubwa, maana majani ya msonobari yanashika moto upesi na askari wa misitu alikuwa ametuonya vikali), msichana mmoja akauliza swali ambalo ndilo lililozaa mahubiri haya. Akasema, "Pasta, Eliya alijua lini kwamba ni wakati wa kuondoka?"

Nilimwambia tusome tena. Mstari wa 7 unasema kijito kilikauka baada ya siku kadhaa kwa sababu mvua haikunyesha katika nchi. Mstari wa 8 unasema neno la Bwana likamjia. Neno halikuja wakati maji yanaanza kupungua. Lilikuja kijito kikiwa kimekauka. Mpendwa, kijito hakikauki kwa siku moja. Wewe mkulima unajua. Kwanza maji yanashuka kwenye jiwe fulani ulilozoea kuliona limefunikwa. Halafu yanakuwa madimbwi. Halafu ni tope, na unachimba kwa mkono. Siku zote hizo Eliya alikuwa pale, anaangalia, na mbingu imenyamaza. Kunguru walikuwa wanakuja bado? Biblia haisemi. Alikuwa na amri moja tu, ile ya kwanza: kaa hapa. Akaishika hadi alipopewa nyingine.

Na kuna jambo chungu zaidi. Ni nani aliyesema mvua isinyeshe? Ni Eliya mwenyewe. Yakobo 5:17 inatuambia aliomba kwa bidii mvua isinyeshe, na haikunyesha miaka mitatu na miezi sita. Kwa hiyo kijito chake kilikaushwa na maombi yake. Alikuwa katikati ya mapenzi ya Mungu, maombi yamejibiwa, na jibu lenyewe likafika kwenye kikombe chake. Tunapenda kuhubiri kwamba maji yakikauka kuna dhambi mahali. Waliokaa na familia zao katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo, walisikia mahubiri ya namna hiyo wakiwa wamezika ng'ombe. Eliya hakuwa na dhambi inayotajwa pale. Kijito kilikauka kwa sababu mvua haikunyesha katika nchi, na yeye alikuwa katika nchi.

Yule msichana hakuuliza swali la Biblia tu. Baadaye, tukiosha vyombo kijitoni, alinieleza kwamba ajenti amemwahidi kazi ya nyumbani Ghuba, na anatakiwa alipe pesa kabla ya mwezi kuisha. Mama yake ameuza mbuzi wawili tayari. Biashara yake ya nyanya siku za soko Taveta imeshuka, kijito kimebaki tope. Sikumwambia asiende. Wako ndugu zetu walioenda wakajenga nyumba na kusomesha wadogo zao, na wako waliorudi wakiwa hawawezi kusimulia. Nilimwambia alinganishe sauti mbili. Neno lililomjia Eliya lilikuwa na anwani: Sarepta, ulio wa Sidoni, kwa mama mjane. Sauti ya ajenti ina tarehe ya mwisho tu. Anayekuita hataki ujue nyumba ni ya nani, mkataba umeandikwa lugha gani, nani atapokea simu usiku ukilia. Hofu inapenda kukuharakisha, na inajua kuongea kama neno la Bwana. Tulikubaliana ataleta karatasi zote ofisini, tuzisome na mama yake na mzee mmoja wa kanisa anayejua mambo ya uhamiaji, ndipo aamue. Amezileta. Bado tunasoma.

Niseme hili waziwazi, lisije likatumiwa vibaya. Kuna mama anayepigwa nyumbani, na atatokea mtu amwambie, "Pasta amesema kaa kijitoni hadi neno lije." Hapana. Mungu hakumtuma Eliya Kerithi ili auawe, alimtuma ili afichwe asiuawe. Mama huyo atoke leo, na nyumba ya mchungaji iko wazi hata saa nane za usiku.

Turudi kwa Eliya. Anatumwa Sarepta, nchi ya Wasidoni, na ukisoma 1 Wafalme 16:31 utaona kwamba huko ndiko alikozaliwa Yezebeli. Chakula chake kimewekwa nyumbani kwa adui! Na Mungu anamwambia amemwamuru mwanamke mjane amlishe. Ila ukifika mstari wa 12 utaona huyo mama hana habari kabisa kwamba ameamriwa. Anaokota kuni mbili apike konzi ya unga ya mwisho, yeye na mwanawe wale, wafe. Mungu amekwisha kuliandika jina lake katika mpango wa kumlisha nabii, na yeye anajiona mtu aliyemalizika.

Hapa sasa naongea na wenye mashamba ya juu ya mfereji. Sisi wa Mahoo hatutegemei ukungu wa Taita. Maji yetu ni ya Lumi na chemchemi kama Njoro, yanatoka Kilimanjaro. Lumi unaingia Ziwa Jipe, yanayotoka huko yanaitwa Ruvu, na mbele yanaingia bwawa la Tanzania linaloitwa Nyumba ya Mungu. Sikubuni jina hilo! Maji unayoyafunga usiku, zamu yako ikiwa imekwisha, yalikuwa njiani kuelekea Nyumba ya Mungu. Najua mnafunga. Najua pia kwamba wawili mnaogombania mfereji huo mnakaa benchi moja kwenye kwaya, na tangu mwezi wa saba hamjapeana mkono. Yule wa chini yako anayeona maji yake yanashuka kila siku hajui aende au akae. Labda ameomba, na Mungu amekwisha kukuamuru wewe umlishe, nawe unaokota kuni zako bila habari.

Eliya alimwomba mama yule maji kidogo kwanza. Mkate alikuja kuuomba baadaye. Katika nchi yenye ukame alianza na kikombe cha maji, na Biblia inasema mama alipokuwa anakwenda kuyaleta ndipo akamwita tena. Alikuwa ameshageuka kwenda. Hakuuliza wewe ni kabila gani wala unaabudu wapi.

Ijumaa hii tuna kesha kuanzia saa tatu usiku. Saa ya kwanza hatutapiga vinanda wala spika, tutakaa kimya tu, na wanakwaya msinilaumu. Wenye karatasi za ajenti waje nazo. Na wale wawili wa mfereji, nimeongea na mzee wa maji, zamu mpya zitasomwa Jumamosi asubuhi pale kwenye lango la mfereji, nami nitakuwepo.