Matangi Manne na Neno Moja

Kina mama 22 wa kijiji kimoja cha pwani ya kusini mwa Tanzania walichoka kuchota maji kwenye dimbwi wanaloshirikiana na ng'ombe. Walitaka matangi 4 ya kuvuna maji ya mvua. Mfadhili alipatikana, ila andiko la mradi lilitakiwa kwa Kiingereza, pamoja na lile jedwali la mistari minne na safu nne ambalo USAID, shirika la misaada la Marekani, ilitengenezewa mwaka 1969, kisha likaenea kwa wafadhili wa kila aina.

Wakamwendea kijana wa hapohapo, mhitimu wa chuo. Kiingereza chake kilikuwa safi na nia yake njema; nalisema hili mapema ili asidhaniwe mvivu. Alikesha siku mbili na kamusi. Akatafuta “output”, akapata matokeo. Akatafuta “outcome”, matokeo tena. Akaamini ni kitu kimoja chenye majina mawili, kama gari na motokaa. Kwenye “outcome” akaweka matangi 4. Kwenye “output” akaandika kwamba magonjwa ya kuhara kijijini yatapungua kwa nusu ndani ya miezi 12.

Katika lugha ya mipango maneno hayo yana kazi mbili tofauti, na faharasa ya istilahi iliyotolewa na shirika la kimataifa la OECD mwaka 2002 inayatenga. La kwanza, “output”, ni kile ambacho mradi wenyewe unakitoa: tangi, choo, huduma. La pili, “outcome”, ni mabadiliko yanayowafikia watu kwa sababu vitu hivyo vipo. Tangi ukipata fedha na fundi unalikabidhi. Afya ya kijiji unaichangia tu, kwa kuwa ina mikono mingi ndani yake. Mimi huwaomba waandishi wa maandiko waanze kwa Kiswahili, waite la kwanza mazao na la pili mabadiliko, ndipo wageukie Kiingereza.

Kijana aliongeza jingine. Kila mahali aliandika “we will ensure”, yaani tutahakikisha. Mkutanoni kwetu neno hilo ni la kutiana moyo, na hakuna anayekuja kukudai. Kwenye mkataba ni deni. Na safu ya mwisho, ile ya “assumptions”, inayouliza ni mambo gani yaliyo nje ya uwezo wenu lazima yaende sawa, aliijaza kwa neno moja: hakuna. Aliogopa kwamba kutaja vyoo ambavyo kaya nyingi hazikuwa navyo kungewaonyesha wanyonge.

Mwaka ukaisha. Matangi yote 4 yalisimama, yamejaa maji. Rejesta ya zahanati ikaonyesha kuhara kumepungua kidogo tu, maana masika yalisomba uchafu wa vichakani hadi kwenye visima vya wazi ambavyo wengi bado walivitumia. Mkataba ulisema awamu ya pili ya fedha italipwa “outputs” zikithibitishwa. Haikulipwa. Fundi alikuwa anadai, na kina mama wakavunja akiba ya vikoba waliyoiwekea sare na madaftari ya watoto.

Mweka hazina alimwita kijana, akamwonyesha matangi.

“Mwanangu, si yale pale? Karatasi inasema tumeshindwa nini?”

“Mama, nilipaswa kuahidi matangi. Niliahidi afya.”

Mama hakumgombeza. Aliuliza tu kwa nini hakuna aliyewasomea.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko kosa la msamiati. Wanawake wale wangeligundua kosa kwa dakika chache, kwa sababu walijua kisichokuwa mikononi mwao. Wewe unayeandikia kikundi chako wiki hii, usipeleke andiko kabla hujawakalisha wenzako, ukawasomea kila mstari kwa Kiswahili, na kuwauliza kwa kila ahadi: hili tunaliweza sisi wenyewe?