Mzigo wa mgeni: ni heshima ao ni matusi?

Tulipokuwa wadogo, kila wakati tulipofungiwa vitu vya njia, koko wetu alizoea kuuliza: «Munaenda kwa batu ao munaenda mu pori?» Maana yake ilikuwa wazi. Anayeenda porini abebe moto, chumvi, kisu na kitu cha kulalia. Anayeenda kwa watu abebe zawadi na mdomo wa kusalimia, basi. Tulifikiri ni mzaha wa wazee. Leo tunaona lilikuwa swali zito, na tunapenda kulirudilia hapa, sababu sisi tuliosoma tumeanza kwenda kwa ndugu zetu kama watu wanaoenda porini.

Mwezi wa saba 2018 tulikuwa tunaenda Idjwi. Msomaji anakijua kile kisiwa, hata kama hajakikanyaga: kirefu karibu kilomita 40 katikati ya ziwa Kivu, chini ya bami wawili, wa Rubenga upande wa kaskazini na wa Ntambuka upande wa kusini. Shangazi yetu aliolewa kule kusini, bwana yake alikuwa amekufa, na sisi tulikuwa tumechelewa matanga. Tulikuwa wanne: sisi, mama watoto na watoto wawili.

Usiku wa kufunga mizigo nyumba yetu ilikuwa kama depo. Mchele kilo 10. Bidoni mbili za lita 20 zenye maji yaliyochemshwa. Matela mbili za kukunja, chandarua, biskuti, sabuni, mishumaa, dawa za malaria, tochi, hata sahani zetu wenyewe. Mama watoto alitaka kuongeza mbabula na kiloba cha makala. Tulikataa, tukisema hii sasa ni kuhama. Tena boti iko na kipimo chake. (Miaka sita nyuma yake, tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka karibu na Kituku, pale Goma. Watu wa ziwa hawachezi na habari ya mizigo.)

Juu ya nini tulibeba vile vyote? Tulikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa kolera, ambayo kila mtu wa kando ya ziwa hili anaijua. La pili tulilisema kwa sauti nzuri kabisa: «Hatutaki kuwasumbua.»

Shangazi alikuja kutupokea kwenye maji. Alihesabu mizigo moja moja ikishuka mabegani mwa vijana, kisha akauliza:

«Mwanangu, njaa yetu ndiyo mulikuwa munaogopa?»

Hatukupata jibu. Siku tatu tulikula bugali wa muhogo, maharagi na sambaza. (Sambaza naye ni mgeni: alitolewa ziwa Tanganyika akamwagwa katika Kivu karibu na mwaka 1959. Leo nani anamwita mgeni?) Mchele wetu ulikaa kwenye kona, mdomo umefungwa. Shangazi alipita karibu nao kila asubuhi kama mtu anayepita kwenye nyumba ya mwenye deni.

Tuchunguze lile neno la «hatutaki kuwasumbua». Shuleni tunafundisha watoto methali «mgeni njoo, mwenyeji apone», nao wanaikariri bila kujiuliza mwenyeji anapona nini. Kwa mawazo yetu, anapona ule upweke wa mtu asiyehitajiwa na yeyote. Mjane anayepikia watu wanne anajua kwamba bado yeye ni mwenye nyumba. Mgeni anayekuja na kitanda chake, chakula chake na sahani yake si mgeni tena, ni mpangaji asiyelipa. Na ile methali nyingine, ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, inaonyesha kwamba mzigo wa kweli wa mgeni ilikuwa mikono yake. Mwaka 1994 wakimbizi wengi wa Rwanda walivuka hadi Idjwi, wengi wao mikono mitupu, na watu wa kisiwa waliwapokea ndani ya umaskini wao.

Tunawasikia wenzetu wanaosema: «Hayo ni maneno ya kitabu, mwalimu. Mwenyeji maskini unamla.» Wako na haki. Siku ya nne jirani mmoja, mama wa makamo, alifika kuuliza unga wake. Kumbe ule bugali wote tuliokula ulikuwa wa kukopa! Shangazi hakutuangalia. Aliinuka, akafungua ule mchele, akapima, akalipa deni, kilichobaki akakirudisha kwenye kona. Hakutuuliza ruhusa, na hatukuona kosa. Mchele uleule uliokuwa matusi siku ya kwanza ulikuwa umeokoa heshima ya nyumba, lakini baada ya kutoka mikononi mwetu tu. Tangu siku ile tunaona kosa letu halikuwa kubeba. Tulibeba bila kukabidhi.

Maji ndiyo yanatusumbua mpaka leo. Bidoni zetu zilikaa karibu na matela, nasi tukiwamiminia watoto wetu mbele ya watoto wengine. Mjukuu mmoja wa shangazi, wa miaka kama sita, aliuliza mwana wetu:

«Maji yenu iko na sukari?»

«Hapana. Yetu haina magonjwa.»

Shangazi alikuwa mlangoni, anachambua maharagi. Mkono ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Mtoto hakusema uongo. Sisi wenyewe tunafundisha usafi darasani. Wala hatuamini kwamba kunywa kolera ni adabu, hakuna mzee anayetaka mgeni afie kwake. Lakini kama maji yale ni mabaya kwa mwana wetu, ni mazuri namna gani kwa mwana wa mwingine? Lita 40 zetu zilikuwa zinasema kwamba tumekubali jambo lile. Kilichokosekana pale hakikuwa akili ya kuchemsha, zilikuwa kuni. Yaani kile kiloba cha makala tulichokiacha Bukavu ndicho pekee kingetosha watu wote wa ile nyumba.

Mwezi wa nane 2022 tulirudi. Matela zilibaki nyumbani. Tulibeba makala na sufuria kubwa, tukavikabidhi palepale kwenye maji, mbele ya watu. Siku ya kwanza shangazi alichemsha maji, tukakunywa wote. Siku ya pili nusu ya makala ilikuwa imeuzwa, sababu masomo yalikuwa karibu kuanza na yule mjukuu hakuwa na madaftari. Tulikuwa tumekabidhi, hatukuwa na neno. Makala iliyobaki ilimalizikia kwenye chakula, na maji ya siku ya mwisho tulienda kuyaomba kwa yule mama wa unga, ambaye kumbe yeye huchemsha siku zote.