Amri ya Nane Wakati wa Msiba



Amri ya Nane kila mtoto wa Shule ya Jumapili anaijua kwa moyo. Hata hivyo tunasikia watu wazima wakisema kwamba kuchukua kipande cha sabuni dukani si wizi, ni kudokoa tu. Na kwamba mali iliyomwagika barabarani haina mwenyewe.

Sheria ya nchi haijui kudokoa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 265, yasema mwizi aweza kufungwa hadi miaka 7. Kifungu cha 269 chapandisha adhabu hadi miaka 10 kwa anayeiba mzigo ulio safarini, au kitu kilicho sehemu ya reli, au mali ya chombo kilichovunjika majini. Sisi tunaokaa kando ya Reli ya Kati yatupasa kulitafakari jambo hilo. Mwenye mzigo yuko mbali, au yuko hatarini. Hawezi kuilinda mali yake. Kumwibia mtu wa namna hiyo ni kumpiga aliyekwisha kuanguka.

Wazee wanakumbuka sheria ya mwaka 1963: kwa baadhi ya makosa ya wizi, kifungo na viboko 24, yaani 12 mtu akiingia gerezani na 12 kabla ya kutoka. Je, wizi ulikwisha? La hasha. Kiboko chaogopesha mwili, lakini moyo hakiugeuzi.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia na madumu. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100, wengine wapita njia tu. Si kazi yetu kuwahukumu marehemu. Kazi yetu ni kujiuliza: nikisikia lori limepinduka, nitabeba dumu, au nitakwenda kumtoa dereva?

Someni Yoshua 7. Akani aliiba wakati wa vita, akaficha vazi, fedha na dhahabu hemani mwake. Alidhani ni siri yake peke yake, kumbe taifa zima liliumia.

Lakini Maandiko hayana ukali mtupu. Mithali 6 yatuonyesha kwamba aibaye kwa njaa huonewa huruma, ila hana budi kulipa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Naye Paulo, katika Waefeso 4, amtaka mwizi afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Hiyo ndiyo toba: mkono uliochukua unakuwa mkono unaotoa.

Na wewe usiye mwizi, sikiliza. Kijana akikamatwa dukani, usiokote jiwe. Kumwua mwizi kwa kipigo ni mauaji mbele ya sheria na mbele za Mungu. Mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji au polisi. Kumbukeni kwamba Bwana wetu alisulubiwa kati ya wanyang'anyi wawili, na mmoja wao, aliyemwomba, alipokelewa Peponi.

Basi juma hili kila mmoja atazame nyumbani mwake. Kama kuna kitu kisicho chako, kirudishe. Na kama jirani yako hana unga, usingoje ajaribiwe, mpelekee kibaba.

Bwana atupe mikono safi. Amina.