Kuvaa Maisha ya Waliokufa

Katika jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza, liko jumba la matofali mekundu lililozungukwa na handaki la maji, nalo huitwa Kentwell Hall. Tangu mwaka 1979, zikifika siku zilizopangwa, watu wa kujitolea hukusanyika humo wakavaa mavazi ya enzi ya wafalme wa ukoo wa Tudor, waliotawala huko baina ya 1485 na 1603. Huyu hugeuka mpishi, yule mhunzi, mwengine mwanamke wa maziwa na jibini. Mgeni husemezwa kwa Kiingereza cha kale, na akiuliza habari za leo hutazamwa kama aliyepagawa. Siku ikisha, mpishi huvua kofia yake akarejea kuwa mwalimu au karani.

Mchezo huo una faida yake, wala sitaki kuubeza. Mtoto aliyemwona mtu akihangaika na tanuri la kuni tangu alfajiri hujua jambo ambalo kitabu hakimpi, kwamba mkate una jasho ndani yake. Lakini ndani ya mchezo limo suali la maadili ambalo nasi linatuhusu, kwani wageni wanaotafuta "mambo ya kale" wanazidi kutubishia hodi, na mwenye kubishiwa hodi hana budi kujua atamwonyesha mgeni chumba kipi. Je, aliye hai ana ruhusa gani ya kuyavaa maisha ya aliyekufa?

Nataka kulipima suali hili mbali kidogo na bahari yetu, huko Ifakara na bonde la Mto Kilombero.

Bonde lile ni la mpunga. Msimu ukiwadia, aila nyingi huhamia mashambani, wakajenga vibanda na madungu, wakaamia ndege tangu macheo hadi machweo. Mpunga hukatwa, hupurwa, hupepetwa kwa ungo upepo ukikubali. Trekta zipo, mashine za kukoboa zipo mjini, na reli ya TAZARA inapita Ifakara tangu miaka ya 1970. Hata hivyo jembe la mkono halijaenda likizo. Sasa mwambie mama mmoja wa huko avae kaniki, asimame mbele ya wageni, atwange na ajifanye kwamba huu ni mwaka 1900. Ajifanye nini? Kinu ni kile kile, mchi ni ule ule, na kiganja kina sugu zile zile. Mpishi wa Kentwell anacheza kwa sababu ana mlango wa kutokea. Jioni ataufungua, ataondoka. Mama yule akitoka katika mchezo ataingia katika kazi, nayo ni kazi hiyo hiyo aliyokuwa akiicheza. Mtazamaji atasema, "Lo, maisha ya zamani yalikuwa mazuri!" na mbele yake amesimama mtu ambaye maisha hayo hayajapita, wala hajaulizwa kama ni mazuri.

Kijiji cha Makumbusho kule Dar es Salaam, kilichoanzishwa miaka ya 1960, kimejaribu njia nyengine, ya kuzijenga nyumba za makabila mbalimbali mahali pamoja na kuzipigia ngoma. Ni kazi ya heshima. Ila nyumba isiyopikiwa hubaki nyumba ya mfano tu.

Uzito wa suali letu, hata hivyo, hauko jikoni. Uko ng'ambo ya mto, kwenye milima ya Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, watu wa nchi ile, Wapogoro na Wambunga miongoni mwao, waliliendea boma la Wajerumani wakiamini kwamba dawa ya maji itawakinga na risasi. Walipokewa kwa bombomu. Boma likazingirwa kwa muda, mpaka jeshi la Kapteni Nigmann lilipofika kutoka Iringa. Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko mapigano yenyewe, kwani vijiji na vyakula vilichomwa moto kwa makusudi, na njaa ikafanywa silaha. Wajerumani wenyewe walihesabu wafu wa vita vyote kuwa 75,000. Wapo wanahistoria wanaofika 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi.

Tuseme basi mtu mwenye nia njema na fedha kidogo angetaka kuirejesha siku ile ya Mahenge kwa mtindo wa Kentwell. Askari wangepatikana upesi, maana kila kijana hupenda gwanda na bunduki. Washambuliaji wangepatikana pia, wangeanguka kwa ustadi, na watoto wangecheka jinsi fulani alivyoanguka. Kisha nani angecheza njaa? Mwigizaji wa njaa hula kwanza ili apate nguvu ya kuiigiza. Hapo ndipo mchezo unapokuwa uwongo, hata kama kila kitufe cha gwanda ni sahihi.

Nitajibiwa kwa mfano wa Marekani. Mwezi wa Oktoba 1994, katika mji wa makumbusho wa Williamsburg, jimbo la Virginia, waliigiza mnada wa watumwa hadharani. Wapinzani walifika kuuzuia. Mkuu wa idara ya historia ya Wamarekani weusi, Christy Coleman, mwenyewe mweusi, alisimama akawa mmoja wa wanaouzwa. Na baada ya mnada, mmoja wa viongozi waliokuja kupinga alibadili kauli yake. Hoja hii ina nguvu, wala siwezi kuipiga teke. Naona tu kwamba walioamua walikuwa wajukuu wa waliouzwa, na kwamba hakuna aliyekwenda pale kuonja jibini. Sisi Unguja, pale Mkunazini, tumechagua jiwe: sanamu za watu shimoni, zilizowekwa mwaka 1998, na minyororo shingoni. Jiwe halijifanyi mtu.

Iko njia ya tatu, nayo iko Makunduchi. Siku ya Mwaka Kogwa wanaume hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba. Hakuna anayevaa kama babu yake, wala anayejisingizia kuwa yeye ni mtu wa kale. Kila mmoja huingia uwanjani kwa jina lake, na nguo zake, na kinyongo chake cha mwaka mzima. Yule ni mrithi, na mrithi hahitaji kujibadilisha sura. Tamthilia nayo ina adabu yake. Ebrahim Hussein alipoandika *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, aliwatahadharisha wasomaji kwamba mtu wa tamthilia yake si yule wa historia. Jukwaa hukiri kuwa ni jukwaa. Maigizo ya Kentwell huficha jukwaa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Wafu wa Majimaji bado wana dai. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha mbele ya vizazi vya walionyongwa. Dai likiwa bado liko mezani, gwanda la kukodi halina nafasi pale Mahenge. Lakini kunyamaza nako ni kuzika mara ya pili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya maneno ya wazee waliokuwa wakivikumbuka vita vile. Maneno hayo yaliandikwa. Ningependa siku moja, ikifika tarehe 30 Agosti, kijana wa Mahenge au wa Ifakara asimame pale, amevaa shati lake la kila siku, ayasome polepole mbele ya watu wa kwao, kisha akae.