Uzuri wa Shamba na Deni Lake

Mwaka 1867 kampuni ya Currier & Ives ya New York ilitoa picha ya chapa iitwayo *Home to Thanksgiving*, iliyotokana na mchoro wa George Henry Durrie, ambaye alikuwa amefariki miaka minne kabla. Nyumba ya shamba imezungukwa na theluji, wageni wamewasili, wenyeji wanawapokea mlangoni. Baridi ni kali, lakini hakuna anayeonekana kuteseka. Ni shamba kama linavyokumbukwa na aliyehamia mjini.

Sisi wa Maore tunaoishi Dar es Salaam tunazo picha za namna hiyo kwenye simu zetu: mpunga wa kijani huku tambarare, milima ya Upare nyuma yake, ukungu juu, mtu hayumo. Je, picha hizi ni uongo?

Wapo watakaosema ndiyo, kwamba shamba bila jasho si shamba. Mimi sioni hivyo. Mchoraji halazimiki kuchora kila jembe. Tena kazi imo, ukiitafuta. Kwenye michoro ya Durrie moshi unapanda kutoka dohani, basi kuna aliyepasua kuni. Hata rangi za chapa zile zilipakwa kwa mkono na wanawake waliokaa mezani, kila mmoja na rangi yake, na majina yao hayakuandikwa.

Uongo huanza kwa mtazamaji anayesema, "Kule kwetu maisha ni raha," kisha akaifanya raha hiyo kuwa sababu ya kutodaiwa kitu. Mpunga hauwi kijani wenyewe. Maji hufika kwa mfereji, na mfereji hujaa tope. Kwa desturi ya Wapare, kusafisha mifereji na ndiva, yale mabwawa madogo ya milimani, ni kazi ya msaragambo: watu wanatoka pamoja, na asiyetokea hutozwa. Msaragambo haukuulizi kama unaipenda milima. Unauliza siku ya kazi ulikuwa wapi.

Je, aliye mbali naye anahesabiwa? Naamini anahesabiwa, na zaidi akiwa ndiye anayesifia picha. Akija Desemba ashike koleo. Asipoweza kuja, atume mchango wake kabla hajakumbushwa. Baada ya hapo aitazame picha kadiri apendavyo.