Mguu wa Mfalme Asa

Vijana wenzangu, leo fungueni Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 16, mstari wa 12. Ni mstari ambao wengi tunauruka. Unatuambia kwamba Asa, mfalme wa Yuda, katika mwaka wa 39 wa utawala wake alipata ugonjwa wa miguu, ukawa mkali sana, naye akawakimbilia matabibu tu bila kumtafuta Bwana. Biblia haitaji ni ugonjwa gani. Wapo waliokisia kuwa ni jongo, ule ambao mtaani tunauita gauti. Siwezi kuapa, lakini mzee, mfalme, miguu, meza ya kifalme... unaelewa kwa nini wamekisia.

Tusimsome Asa vibaya. Hakulaumiwa kwa kwenda kwa tabibu. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza tumheshimu tabibu kwa sababu Mungu ndiye aliyemwumba. Asa alimweka Mungu nje ya chumba cha mgonjwa, basi. Huku Kibiti, ninapofanya mwaka wangu wa kichungaji, naona kosa lake limegeuzwa juu chini: tunasali, tunaombewa, tunapaka mafuta, na zahanati tunaikumbuka mwisho.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliamka saa nane usiku, kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka likigusa anapiga kelele. Alfajiri nyumba imejaa watu. Sasa Rufiji na Kibiti mguu ukivimba kuna majibu mawili yako tayari. La kwanza ni matende, maana ugonjwa huo umekaa ukanda huu wa pwani miaka mingi. La pili ni "amekanyaga kitu". Mguu wa matende hukua taratibu kwa miaka, huu umevimba usiku mmoja, kwa hiyo likabaki la pili. Kabla jua halijapanda, jina la jirani yake, mama mjane, lilishaanza kutajwa pembeni. Damu ilipopimwa, asidi ya yuriki ilikuwa juu sana. Hakuna aliyetega chochote. Lakini jamani, oneni tulipokuwa tumefika: nyumba nzima ya Wakristo ilikuwa inakaribia kuvunja Amri ya Nane kwa sababu ya kidole cha mguu. Na mama mjane angeishi wapi baada ya hapo?

Asidi hii inatoka wapi? Katika chembe za mwili wetu na katika chakula kuna vitu vinaitwa purini. Mwili ukivivunja, mabaki yake ni asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi. Binadamu tumekikosa, kwa hiyo mzigo unaangukia figo, ambazo hutoa kama theluthi mbili, nyingine hupitia utumbo. Ikipita kiwango ambacho damu inaweza kuiyeyusha, karibu miligramu 6.8 kwa desilita, inaweza kuganda kuwa vipande vyenye ncha kama sindano. Huganda kwa urahisi penye ubaridi, na kidole gumba cha mguu ndicho kiko mbali na joto la mwili.

Kwa wengi tatizo hasa ni figo kushindwa kuitoa, na mara nyingi ni jambo la ukoo. Kwa hiyo ukimwona mwenye jongo usikimbilie kusema "huyo amekula sana". Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake (Yohane 9). Mnakumbuka alivyowajibu.

Sasa tuje kwenye Ijumaa. Sheria ya Kanisa inatudai kujinyima nyama kuanzia miaka 14, na kufunga kuanzia 18 hadi kutimiza 59. Huku delta, penye mikoko mingi kuliko popote Afrika Mashariki, kuacha nyama ya ng'ombe ni rahisi mno. Tunaweka sahani ya kamba wa nazi kutoka Nyamisati, tunasema tumejinyima. Kwa sheria tuko salama. Kwa figo, kamba na dagaa hawako nyuma ya nyama, mara nyingi wanaipita. Na kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino? Katika Summa anaeleza, akimfuata Papa Gregori Mkuu, kwamba ulafi una njia tano: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudai mapishi ya kuchaguachagua. Ni moja tu inayohusu wingi! Sahani ndogo ya Ijumaa inaweza kabisa kuwa ya mlafi.

Lakini msianze kuwaogopa dagaa. Ni chakula kizuri kwa moyo, na mwenye kipimo kizuri ale. Aristotle alisema kipimo cha chakula ambacho ni kidogo kwa Milo, yule bingwa wa mieleka, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kiasi cha haki ni cha mtu huyu, na mwili huu.

Eti asidi ya yuriki inaua moyo? Hutembea pamoja na shinikizo la damu, kitambi, kisukari na figo mbovu, hilo ni kweli. Ila darasani tulifundishwa kwamba vitu viwili kuongozana si ushahidi kuwa kimoja ni baba wa mwenzake. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2022 uliwapa allopurinol wagonjwa wa moyo wasio na jongo, na haikuwapunguzia mashambulizi ya moyo wala vifo. Kwa hiyo usimnunulie baba dawa dukani kwa sababu ya meseji ya WhatsApp. Mpeleke apimwe presha. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na samaki wa chumvi wamo humo humo. Dakika 150 za kutembea kwa wiki. Sigara, acha. Na ninyi wa bodaboda mnaoanza siku na supu ya utumbo, mchana soda, jioni bia: utumbo una purini, sukari ya soda huipandisha asidi, bia inaongeza purini na wakati huo huo inazuia figo kuitoa.

Jambo moja zaidi. Jirani zetu wengi ni Waislamu, Ramadhani tunaalikwa futari, na baadhi ya vijana wetu wameanza kufunga Kwaresima bila hata maji. Nia ni nzuri. Kanisa halijakataza maji, na mwenye jongo akikaukiwa anaweza kuamshwa tena saa nane usiku. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Azungumze na paroko, achague tendo jingine la toba.

Paroko wetu amekubali: Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya pili, muuguzi mmoja wa jumuiya atakaa chini ya mwembe na kipimo cha presha. Vijana tuwahi kubeba mabenchi, na waleteni wazazi. Yule mama mjane naye ameshaniambia anakuja.