Jina la Mkubwa, Mikono ya Watoto

Je, kitu kinaweza kubeba dhambi ya waliokitengeneza? Ndugu msomaji, swali hili limenishika tangu kikundi chetu cha vijana wakimbizi hapa Nyamirambo kianze kutafuta kamera. Tuna pesa ya kamera moja ya zamani, ile ya kutumia filamu, pamoja na filamu chache za kuanzia. Leica ya Wajerumani, hata iliyochakaa, bei yake unaisoma mara mbili halafu unaacha. Zinazobaki ni zile za Umoja wa Kisovieti: FED, Zorki na Kiev. Zilitengenezwa nyingi sana, kwa hiyo hadi leo hazina bei kali, na rafiki yetu aliyeko Ubelgiji amekubali kututafutia moja.

Zote tatu zinafanya kazi kwa namna moja. Unachungulia kwenye kidirisha, unamwona mtu, na pembeni yake unaona kivuli chake hafifu. Unazungusha pete ya lenzi mpaka mtu na kivuli wawe kitu kimoja. Hapo umbali umekaa sawa. Sasa tuitazame moja moja. Kiev 4 ina kipimo cha mwanga, lakini nyingi kipimo hicho kimeshakufa kwa uzee. Zorki 4 inataka uvute filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi. Ukisahau utaratibu huo unaweza kuiharibu. FED-2 mgongo wake unatoka wote, kwa hiyo hata mtu wa siku ya kwanza anaweka filamu bila shida. Kwa vijana wanaojifunza, FED-2 inashinda. Ingekuwa ni hayo tu, tungeshainunua zamani.

Shida ni jina. FED ni herufi za mwanzo za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mtu aliyeanzisha Cheka mwaka 1917, polisi wa siri wa Wabolsheviki. Watu wengi walikamatwa na kuuawa na polisi hao bila hata kufikishwa mahakamani. Wengi wetu tuliokimbia Burundi mwaka 2015 tunajua maana ya mlango kugongwa usiku. Mzazi mmoja aliposikia habari hii alisema wazi: "Mwanangu hatashika kitu chenye jina la mtu kama huyo." Sikuona cha kucheka hapo. Jina si kitu kidogo.

Lakini tukiuliza jina ni la nani, tuulize pia mikono ilikuwa ya nani. Mwaka 1927, katika mji wa Kharkiv, Ukraine, ilifunguliwa jumuiya ya watoto iliyopewa jina la Dzerzhinsky. Iliongozwa na mwalimu Anton Makarenko. Watoto hao walikuwa wa mitaani, waliobaki peke yao baada ya vita na njaa. Walisoma na walifanya kazi kiwandani. Walitengeneza mashine za kutoboa za umeme, kisha mwaka 1934 wakaanza kutoa kwa wingi kamera iliyoiga Leica. Hiyo ndiyo FED. Kijana wetu mmoja, ambaye na yeye aliwahi kulala mtaani, alisikiliza hadithi hii hadi mwisho, akauliza: "Kaka, hao mayibobo, majina yao yameandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Basi tuchague nyingine? Zorki ilianza mwaka 1948 kule Krasnogorsk, karibu na Moscow, na zile za kwanza ziliandikwa majina yote mawili, FED na Zorki. Yaani ni kamera ileile, jina tu ndilo lilibadilika. Kiev ilizaliwa kwa mitambo na vipuri vya kamera ya Contax vilivyochukuliwa Ujerumani baada ya vita kuu ya pili. Leica yenyewe? Mwenye kiwanda, Ernst Leitz, aliwasaidia wafanyakazi Wayahudi kutoka nje ya Ujerumani ya Hitler, na kiwanda hichohicho kiliuza vifaa kwa jeshi la Hitler. Utasema tutumie simu. Ndani ya simu kuna madini yanayotoka kwenye koltani, na koltani nyingine inachimbwa kwa mikono Rubaya, Masisi, ambako baadhi ya vijana wetu wana ndugu zao. Tukisema tunataka kitu kisafi kabisa, tutakaa mikono mitupu.

Wapo wanaosema: kamera ni kamera, acheni maneno mengi. Pale Gisozi, kwenye jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, kuna picha za waliouawa zilizoletwa na familia zao. Hakuna anayesimama mbele ya picha zile akauliza zilipigwa na kamera gani. Ni kweli. Lakini jibu hili linafunga kesi haraka mno. Kwamba kila kitu kina doa haituruhusu kuacha kuuliza.

Mimi naona hivi. Chuma hakikuchagua, kwa hiyo hakina dhambi. Kinachokaa ndani yake ni deni. Dhambi ingetudai tukitupe kitu; deni linatudai tulipe. Tukiikataa FED tutakuwa tumemkataa nani? Dzerzhinsky alikufa mwaka 1926, hakukaza hata skrubu moja ya kamera hiyo. Kazi tutakayoitupa ni ya wale watoto.

Deni hilo hatuwezi kuwalipa wao tena. Tunaweza kulilipa kwa walio karibu yetu. Wengi wetu tumepigwa picha tukiwa kwenye foleni ya unga, tukiwa tumejifunika blanketi, bila kuulizwa. Picha inaenda mbali, chini yake kuna jina la aliyetoa msaada, na sisi tumeandikwa "mkimbizi" basi. Ni mtindo uleule wa FED: jina la mkubwa linaonekana, wenye mikono hawatajwi.

Kwa hiyo kikundi kimekubaliana. Filamu ina picha 36, hakuna sababu ya kukimbilia. Utamwomba mtu kwanza. Utaandika jina lake kama anavyotaka liandikwe. Kuna watu ambao kutajwa kunaweza kuwahatarisha, na hapo mwenyewe ndiye anaamua. Na picha ya kwanza kusafishwa ni yake.

Yule mzazi hajakubali. Anasema haoni kwa nini mtoto wake alipe deni la wafu. Namheshimu. Mwanawe ataendelea kuja, na ameomba yeye awe mwenye kushika daftari la majina.

FED-2 tumeiagiza. Mji wa Kharkiv umekuwa ukipigwa mabomu tangu 2022, na watu wake wengi ni wakimbizi kama sisi. Kamera ikifika, kabla filamu haijawekwa, kila kijana atasikia kwanza habari za wale watoto.